Duara Moja Kwenye Sahani

Kwenye maabara yetu kuna sheria ambayo haijabandikwa ukutani lakini kila mtu anaijua: sahani ya ndugu yako huisomi. Unaweza kuipokea damu yake dirishani, unaweza kuiandika namba, unaweza hata kuiotesha wewe mwenyewe, lakini siku ya kusoma unakaa kando, mwenzako anasoma. Sheria hiyo aliileta Mama Rula. Ndiye mkuu wetu, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba, na jina hilo tulimpa sisi tulio chini yake kwa sababu haamini jambo lolote ambalo hajalipima kwa mkono wake. Mimi niliiona ni sheria ya kudhalilisha. Nina hasira za karibu, na hakuna kinachoniudhi kama kudhaniwa kwamba macho yangu yanaweza kununuliwa na moyo wangu. Nilifikiri hivyo kwa miaka mingi, mpaka ilipokuja sahani ya Kasuku.

Kasuku ni mpwa wangu, mtoto wa pekee wa dada yangu. Jina lake halisi lipo, ila hakuna anayelitumia zaidi ya mwalimu wake, na hata mwalimu naye huteleza. Mtoto huyu hajui kunyamaza. Anaongea akila, anaongea akioga, anaongea akiwa amelala. Ndiye mkalimani wa bibi yake, yaani mama yangu, ambaye ni kiziwi na huongea kwa mikono. Wageni wakija Kasuku hutafsiri, na hatafsiri bila kutia chumvi. Mama akisema kwa mikono karibuni chai, Kasuku atatangaza, "Bibi anasema karibuni chai, na anauliza kama mmeniletea chochote." Mama humtazama midomo, akamfinya sikio, na wote wawili wakacheka.

Alipougua tulidhani ni homa tu ya watoto. Kumbe bakteria wa tumboni walikuwa wamepotea njia wakapanda mpaka kwenye figo, na tulipomfikisha hospitali walikuwa wameshaingia kwenye damu. Ni hospitali hii hii ninayofanyia kazi. Maabara iko jengo la nyuma, wodi ya watoto iko ghorofani. Nilimbeba mwenyewe ngazi zile. Alikuwa amelegea mwili mzima, kichwa kinaning'inia begani kwangu, na ukimya wake ndio ulionitisha kuliko joto lake.

Sasa lazima niseme habari za masikio ya kwetu. Mjomba wa mama alikuwa kiziwi. Mama mkubwa, dada yake mama, aliacha kusikia akiwa mtu mzima, wakati anatibiwa kifua. Mama yeye alitangulia. Alikuwa mtoto mdogo, akashikwa na homa kali, akachomwa sindano, homa ikaondoka na masikio yakaenda nayo. Utotoni nilisikia kila aina ya maelezo. Homa ilipanda kichwani. Jirani alikuwa na kijicho. Upande wa wakwe wana mkono mbaya. Watu waliacha kusalimiana kwa ajili ya maelezo hayo, na hakuna hata mmoja aliyeishuku sindano, kwa sababu sindano ndiyo iliyowaponya.

Mimi niliijua siri ya sindano hiyo chuoni, siku mwalimu alipokuwa akieleza jinsi dawa zinavyowaua bakteria bila kutuua sisi. Alitaja, kwa kupita tu, kwamba zipo koo chache ambamo jamii fulani ya sindano huua masikio, na kwamba jambo hilo hupitia kwa mama. Sikusikia tena somo lililobaki. Likizo nilipofika nyumbani niliwakalisha wote nikawaeleza. Mama mkubwa alinisoma midomo mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia, "Yaani umeenda shule yote hiyo kuja kuutafutia uziwi wetu jina?" Wakacheka. Dada yangu hakucheka. Ndiyo maana siku Kasuku alipolazwa, neno lake la kwanza kwa daktari lilikuwa hilo: kwetu kuna uziwi wa sindano.

Daktari wa watoto alikuwa kijana mtaratibu, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakumdharau. Aliuliza nani na nani, akaandika, akasema, "Basi hiyo tutaikwepa tukiweza." Akaanza dawa nyingine. Homa haikushuka. Akabadilisha. Homa ikashuka jioni moja, tukafurahi kama wehu, asubuhi ikarudi juu zaidi ya mwanzo. Wakati huo huo kule nyuma bakteria wa Kasuku walikuwa wameota kwenye chupa ya damu, na tukawaandalia sahani.

Sahani zetu si za kulia. Ni vibakuli bapa vya plastiki vyenye chakula cha bakteria kilichoganda. Unawapaka bakteria wa mgonjwa juu yake kwa pamba, kisha unapanga vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake, unaiacha sahani kwenye kabati la joto mpaka kesho yake. Bakteria wakiota wanatandaza utando wa kijivu. Dawa inayowaweza huacha duara safi kuzunguka karatasi yake. Unachukua rula, unapima upana wa duara, unalinganisha na kipimo cha dawa hiyo. Likifika, dawa inafaa. Lisipofika, haifai.

Zamu ya kufungua kabati asubuhi ile ilikuwa yangu. Ningeweza kumwachia mwenzangu. Sikumwachia. Niliitoa sahani ya Kasuku nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaona utando umejaa kila mahali. Karatasi zimezama ndani yake kana kwamba hazikuwahi kutiwa dawa. Mbili tu zilikuwa na kitu. Moja ilikuwa na duara kubwa, safi, la kupendeza, na hiyo ilikuwa ile sindano. Nyingine ilikuwa na duara dogo la dawa ambayo haina ugomvi na masikio ya mtu. Nilichukua rula. Duara dogo lilipungua kipimo kwa milimita moja.

Nataka nieleweke hapa. Milimita moja ni unene wa ukucha. Ukiinamisha sahani kidogo, ukapima kutoka pale utando unapoanza kukolea badala ya pale unapoanza, milimita hiyo unaipata. Nilipima tena, nikaipata. Nikapima upande wa pili, ikatoroka. Nikafumba jicho moja, nikaipata tena, na moyo ukanirukaruka kwa furaha ya kijinga. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Wala sikujiona mwongo. Nilijiona mjomba.

"Weka chini," akasema Mama Rula nyuma yangu.

"Nilikuwa natazama tu, mama."

"Unatazama kwa jicho moja."

Alivaa miwani, akaichukua sahani, akapima. Hakuharakisha. Alipima kila duara, hata pale ambapo hapakuwa na duara, halafu akarudi kwenye lile dogo akalipima kwa pande mbili.

"Imepungua," akasema.

"Kwa milimita moja."

"Kwa milimita moja. Nipe sababu ya kuiongeza ambayo haina huyo mtoto ndani yake."

Nikasema neno baya, nikamwambia kwamba yeye anapenda rula kuliko watu. Hakukasirika. Aliiweka sahani mezani, akaifunika kwa kifuniko chake, taratibu, kama mtu anayefunika chakula cha aliyechelewa.

"Ukimwandikia daktari kwamba hii inafaa, ataitoa hii," akasema. "Bakteria wengi watakufa, wachache watabaki. Hao wachache ndio watakaokuzikia mpwa wako. Utakuwa umemwachia masikio ya kwenda nayo kaburini." Alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Majibu nitaandika mimi. Wewe nenda ukawe mjomba huko juu, hapa umeshindwa."

Dada yangu alikuwa kwenye benchi la ushoroba, nje ya wodi. Ni fundi cherehani, na hata pale mikono yake haikutulia. Alikuwa akikunja na kukunjua upindo wa khanga ya kumfunikia mtoto. Mama alikuwa ameketi mwisho wa benchi hilo hilo, kimya, macho kwenye mlango wa wodi. Shemeji, baba yake Kasuku, ni dereva wa malori ya masafa marefu, na alikuwa mahali ambapo simu inashika na kukatika. Alikuwa ameshasema lake: mtakaloamua ninyi nimeridhika. Dada alikuwa bado ana hasira na neno hilo.

Nikamwambia majibu. Akaniuliza, "Hakuna nyingine?"

"Iko moja, imekosa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kumuua."

Akashusha pumzi. "Nieleze tena ule mzizi wa kwetu. Ulinieleza zamani nikaitikia tu. Nieleze kwa lugha ya fundi, nisije nikasaini kitu nisichokijua."

Nikakaa karibu naye. "Kila seli ina maandishi yake ya urithi," nikamwambia, "ndizo jeni. Yanasema nguo gani zishonwe. Nguo ndizo protini, na bila hizo seli haifanyi kitu. Lakini maandishi yenyewe hayashoni. Lazima yanakiliwe, nakala ipelekwe kwa fundi, fundi aisome, ndipo ashone."

"Sawa."

"Bakteria ni duka la chumba kimoja. Anayenakili na anayeshona wamekaa bega kwa bega. Nakala haijaisha kuandikwa, fundi ameshadaka mwanzo wake na cherehani inanguruma. Ndiyo maana wana kasi. Ukiwaletea dawa, kufumba na kufumbua wengine wameshashona kinga."

"Na sisi?"

"Sisi tuna chumba cha ndani chenye mlango. Kinaitwa kiini. Nakala inaandikwa humo. Ikiisha, inapunguzwa: vipande visivyotakiwa vinakatwa, vinavyobaki vinaungwa, ndipo inatolewa nje kwa fundi. Tunachelewa, lakini tunachagua. Maandishi ni yale yale mwili mzima, ila seli ya jicho inatoa nakala zake na seli ya ini zake."

"Mnakata kwanza, mnashona baadaye," akasema. "Hiyo ndiyo kazi ya mtu mzima."

"Na fundi wetu hakuumbwa sawa na wa bakteria. Ile sindano inamkalia fundi wa bakteria kwenye kiganja, anasoma vibaya, anashona mkono penye shingo. Bakteria anakufa kwa nguo mbovu. Kwa fundi wetu, dawa haina pa kukaa."

"Basi tatizo liko wapi, kaka?"

"Liko kwa wapangaji." Akanitazama. "Ndani ya seli zetu mna vijiinjini vya kutupa nguvu. Mitokondria. Zamani, kabla ya kuwepo mnyama yeyote, walikuwa bakteria wanaojitegemea. Wakamezwa, hawakufa, wakahamia humo. Mpaka leo wana maandishi yao machache, na fundi wao wa mtindo ule wa zamani, wa chumba kimoja. Kwa watu wengi fundi huyo amebadilika vya kutosha, dawa inampita. Kwetu, nadhani, kuna herufi moja imekaa vibaya, na inamfanya afanane na wa bakteria. Dawa haiwatofautishi. Na seli za ndani ya sikio zinakula nguvu nyingi mno. Injini zikizimika zinakufa, na zikifa hazioti nyingine."

"Unadhani, au unajua?"

"Kipimo cha kuthibitisha hakifanyiki hapa. Damu ingesafiri mbali, na yeye hana muda huo. Lakini tazama ukoo."

"Na hao wapangaji tunawapata kwa nani?"

"Kwa mama. Baba hatoi."

Akaguna. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa. Nimempa mwanangu mpangaji mbovu, na kodi silipi mimi, analipa yeye." Alicheka mara moja, kicheko kikavu, kisha akajifunika uso kwa ile khanga.

Daktari alikuja na majibu ya Mama Rula mkononi. Hakutuzungusha. Alisema moyo wa mtoto umeanza kuchoka, kwamba angeweza kuongeza kiwango cha ile dawa nyingine lakini hawezi kutuahidi kesho, na kwamba sindano angeitoa kwa siku chache kadiri inavyowezekana. Huenda masikio yakapona. Asingependa kutudanganya kuhusu huenda hiyo. Halafu akasema anarudi baada ya muda mfupi, akatuachia benchi letu.

Kwetu, ukitaka kumficha mama jambo humnong'onezi. Unampa mgongo. Tumefanya hivyo tangu utotoni, mimi na dada yangu. Tulipovunja kitu, tulipogombana, tulipotaka kumsema yeye mwenyewe. Ni adabu mbaya na tunaijua, lakini mwili umeshazoea. Kwa hiyo tulisimama, tukaenda dirishani mwisho wa ushoroba, tukampa mgongo.

"Mwambie aongeze ile nyingine," dada akasema.

"Haitoshi. Nimeiona kwa macho yangu."

"Wewe wajua nini? Wewe ulikuwa mvulana, ulikuwa unacheza nje. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza, namwambia daktari mwanamume kwamba mama anatoka damu, na sijui hata damu hiyo ya nini. Watu walimwita bubu mbele yangu, na yeye ananiuliza kwa mikono, wanasemaje? Nimwambie nini? Mara ngapi nimemwambia wanasema una khanga nzuri?" Sauti ilikuwa inapanda. "Kasuku ni maneno matupu, kaka. Ukimwondolea hayo, unabakiza nini? Bora aende akiwa mzima."

Niliona aibu kusikia neno hilo, na naona aibu zaidi kusema kwamba sikulipinga. Kwa kitambo kidogo nilikuwa upande wake. Nilikuwa upande wake tangu asubuhi, tangu lile jicho moja.

Dada akashtuka. Mama alikuwa amemgusa bega.

Nyuma ya dirisha lile kuna ukuta mweusi wa jengo jingine, na kioo kilikuwa kimetuonyesha wazi, midomo yetu yote miwili, kwa mtu aliyeketi kwenye benchi. Miaka yote ya kumpa mama mgongo, na siku ile tukampa mgongo mbele ya kioo.

Mikono yake haikuwa na haraka. Ninatafsiri hapa kama nilivyoona, sipunguzi wala siongezi.

"Nimesoma mdomo wako," alimwambia dada. "Umesema bora aende akiwa mzima."

Dada akatikisa kichwa.

"Mimi si mzima? Ulinyonya kwa nani? Ulipokuwa mchanga nililala mkono wangu ukiwa kifuani mwako, kila usiku, ili ukilia nikujue kwa mtikisiko. Niambie ni lini ulilia nisijue." Akasubiri kabisa, kama mtu anayetaka jibu. "Unadhani sikujua wanasema nini? Hakuna anayemtazama mtu vile kwa sababu ya khanga nzuri. Nilikuacha unidanganye kwa sababu ulikuwa mtoto, na ilikuwa inakufariji wewe."

Dada alikuwa analia waziwazi sasa. Nesi alipita na sinia lake akageuza uso.

"Kati yangu na kaburi," mama akaendelea, "unaniogopa mimi zaidi." Akaishusha mikono, akaipangusa kwenye gauni lake, akaiinua tena. "Mwache aishi. Mengine nitamfundisha. Nayajua."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti ukutani, nimeueleza ukoo wangu mpaka herufi moja, na sikuwahi kumuuliza mama hata mara moja maisha yake yakoje humo ndani. Nilikuwa nimemsoma kama mfano. Dada alimshika mama mikono yote miwili, akaibana, na katika lugha yetu ya mikono kumbana mtu mikono ni kumfunga mdomo, lakini mama hakukasirika. Alimwachia.

Kisha dada akapiga moyo konde akaenda kumfuata daktari mwenyewe. "Mchomeni," akasema. "Mchomeni sasa hivi kabla sijawa mjinga tena."

Walipokuwa wanaandaa dawa aliingia wodini, akakaa kitandani kwa mtoto, akaanza kuongea. Kasuku alikuwa amefumba macho, midomo imekauka. Dada alimweleza habari za kila mtu mtaani, nani ameleta kitambaa, nani amekataa gauni lake kwa kuwa amenenepa akasingizia fundi, paka wa jirani amezaa wapi. Aliongea sindano ikiingia, na akaongea baada ya sindano kutoka. Siku ile na zilizofuata hakunyamaza ila kumeza mate, mpaka sauti ikamkauka ikabaki ya kukwaruza. Wazazi wa vitanda vya jirani walidhani amerukwa na akili. Nami kila nilipopanda juu nilimwita Kasuku kwa jina lake halisi, lile la shuleni, sijui kwa nini. Labda nilitaka alisikie kwa mtu wa kwao walau mara chache.

Sindano ilifanya kazi yake. Lazima nilitamke hilo kwa heshima zote, kwa sababu siku hizi nikilitazama lile duara kubwa kwenye sahani za watoto wengine huwa nalichukia, na ni makosa kulichukia. Homa ilianza kulegea, ikashuka, ikakaa chini. Mapigo yakatulia. Damu mpya tuliiotesha, na safari hii sikugusa kabati. Nilikaa kwenye kiti changu mikono mapajani mpaka Mama Rula aliponijia mwenyewe, akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu pale kazini. "Safi," akasema. "Hakuna kilichoota."

Nilipanda ngazi mbili mbili. Dirisha la wodi lilikuwa wazi, jua la asubuhi limeingia mpaka vitandani. Kasuku alikuwa ameketi, mto mgongoni, amekonda shingo lakini macho yamerudi. Alikuwa anakula uji mwenyewe, kijiko kwa kijiko, kwa uchoyo. Mama alikuwa upande mmoja wa kitanda, dada upande wa pili. Niliwapa habari. Nilizitangaza, kwa kweli, kwa sauti ya mtu anayetaka wodi nzima imsikie, na dada akapiga kofi la furaha, akacheka kwa sauti yake ile mbovu, akaniambia nirudie. Mama wa kitanda cha pili akasema hongereni. Mtoto mmoja alikuwa analia mlangoni, na kigari cha dawa kilikuwa kinapita kwa kelele za magurudumu yake.

Kasuku aliacha kijiko. Alitutazama mmoja mmoja, kwa ile chuki ndogo ya mtoto anayehisi ametengwa.

"Mbona mnanong'ona?" akauliza.

Alisema kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Mnanificha nini? Mama. Mjomba. Mbona mnanong'ona?"

Nikamwita jina. Nikamwita tena, kwa sauti kubwa, mpaka nesi akageuka kule mwisho. Kasuku alinikazia macho mdomoni, akakunja uso, akatikisa kichwa. Nikahisi midomo yangu inaanza kupinda na machozi yananishuka, na sikuwa na nguvu ya kuyazuia.

Dada hakulia. Alimwekea mtoto kijiko mkononi, akamfunga vidole juu yake, akamtabasamia. Halafu akanigeukia, tabasamu lile lile bado liko usoni, halijayumba hata kidogo.

"Kaka, futa uso," akasema. "Kuanzia sasa huyu anatusoma usoni."